Msimwagie Dani Chai

Nimeiona ile picha mliyotuma kwenye grupu ya ofisi. Vyungu sita vyeupe vimepangwa dirishani, majani ya plastiki yamesimama wima kama askari wa gwaride, na chini yake mmoja wenu ameandika, "Ofisi inapendeza sasa." Sasa! Nilitaka kuwajibu papo hapo, lakini mtu akiandika kwa hasira kwenye simu hutuma maneno ambayo hata padri hawezi kuyaondoa. Basi nimechukua daftari. Nimestaafu, muda ninao, na hakuna wa kuchungulia mlangoni akiniuliza chai iko wapi.

Kwa wale mliokuja juzi: mimi ni Rosebella Awuor, Mama Beryl. Nilikuwa mhudumu wa ofisi yenu hapo Homa Bay kwa miaka ishirini na tisa. Nilifagia, nilipiga deki, nilichemsha chai, nilipeleka mafaili kutoka chumba hiki hadi kile, na nilitunza maua ya ndani. Habari za vyeo sina, kwa sababu sikupanda hata kimoja. Nina habari za ua moja tu. Nyinyi mlilichoma pamoja na takataka, na uchungu wangu mkubwa ni kwamba hamjui mlichoma nini.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Suna alfajiri na viatu vya kuazima kwa dada yangu, vinanibana kidole kidogo. Aliyenipokea alikuwa Jaduong' Opiyo, yaani Mzee Opiyo, mhudumu mkongwe, mfupi, mwenye koti la kaki ambalo hakulivua hata siku zile joto la Homa Bay linapochemsha ubongo. Alinionyesha fagio, ndoo, birika kubwa la chai na kabati la vikombe. Halafu akanipeleka kwenye dirisha la ukumbi wa kungojea wageni, akasema kwa adabu, kama mtu anayemtambulisha mama mkwe, "Na huyu ni Dani." Dani kwetu ni nyanya, mama wa mzazi wako.

Nilichungulia nyuma yake kutafuta bibi kizee. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na chungu cha udongo na majani marefu membamba, ya kijani pembeni na mstari mweupe katikati, yakiangukia pande zote kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Katikati yake zilitoka kamba ndefu, na kwenye ncha ya kila kamba alining'inia mtoto mwenye majani yake. Vitabu huliita ua la buibui kwa sababu ya hao watoto. Opiyo alilikataa jina hilo. "Buibui ni wa kufagiwa," aliniambia. "Huyu ukimfagia, tutakosana." Sista mmoja wa misheni ndiye aliyempa mtoto wa kwanza, akamlea hadi akawa Dani, na maua yote mengine ya ofisi yalikuwa uzao wake.

Wiki hiyo hiyo mgeni mkubwa wa kutoka Nairobi akatangazwa. Mnajua mambo yanavyokuwa: mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, na watu ambao hawajawahi kushika tambara wanakufundisha kupangusa. Niliambiwa ning'arishe kila kitu. Nami kwa ujinga wangu nikachukua mafuta yangu ya kujipaka, nikampaka Dani jani moja moja, mpaka akang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilisimama kando nikingoja kusifiwa. Opiyo alikuja, akagusa jani, akanusa kidole.

"Nyar Suna," akasema, yaani binti wa Suna, na ndivyo alivyoniita hadi mwisho, "wewe nikikuziba pua na mafuta, utapumua?"

"Hapana, Jaduong'."

"Basi leta maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo."

Niliosha yale majani kwa kitambaa laini kuanzia saa sita mchana hadi ofisi ilipofungwa. Mgeni mwenyewe hakuja. Opiyo alikaa kwenye kiti kando yangu, hakunisaidia, na hakunipigia kelele hata mara moja. Mengine yote ninayoyajua kuhusu kazi nilijifunza kwake. Hilo la kutopiga kelele sikujifunza.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu haya niliyasema miaka yote na mkawa mnaitikia "sawa, Mama" macho yakiwa kwenye simu. Maji ya kisima cha pale nyuma yana chumvi. Mpe Dani hayo, na baada ya muda ncha za majani zinakuwa kahawia, kama karatasi iliyoguswa na moto. Maji ya mfereji yana dawa. Yaache kwenye ndoo wazi mpaka kesho. Ya mvua ndiyo bora, na ndiyo maana Opiyo aliweka lile pipa chini ya paa, lile ambalo siku hizi mnaoshea pikipiki. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka, nenda ukafanye kazi nyingine. Mizizi yake ni minene na myeupe, mfano wa viazi vidogo, na humo ndimo anamoweka akiba ya maji. Kiu haimsumbui sana. Wanaomuua ni wenye huruma, wale wa kumnywesha kila asubuhi kama ng'ombe.

Udongo mweusi wa huku kwetu unashikana kama ugali, kwa hiyo uchanganye na mchanga na majani yaliyooza. Mwanga anautaka, jua kali la alasiri halitaki. Mizizi ikianza kuinua udongo au kupasua chungu, mhamishie kwenye kikubwa kidogo tu, si kwenye karai. Na mtoto usimkate upesi. Lete mkebe kando ya mama yake, mkebe wenye tundu chini tafadhali, mlaze mtoto juu ya udongo kamba yake ikiwa bado haijakatwa, ungoje ashike mizizi. Hapo ndipo unapokata.

Watoto hao ndio walioleta desturi yetu. Barua ya uhamisho ilipofika kwa mtu yeyote, awe ofisa au dereva, Opiyo alimtayarishia mtoto wa Dani kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. "Serikali ikimhamisha mtu humpa karatasi," alisema. "Sisi tumpe kitu kilicho hai." Sheria ilikuwa moja: anayebaki hutoa, anayeondoka hupokea. Hakuna kujipa mwenyewe. Siku Opiyo alipostaafu nilimpa wake kwa mikono miwili, na mzee yule akalia mbele ya ofisi nzima. "Nyar Suna," akaniambia, "mtunze Dani. Siku yako ikifika, na wewe atakuwepo wa kukupa." Nikampa neno langu. Alikwenda na mkebe wake nyumbani, mbuzi wakamla yule mtoto mwaka huo huo, na mwaka uliofuata Opiyo mwenyewe tukamzika. Na kwa kuwa hakuna kujipa mwenyewe, miaka hiyo yote kwangu hakukuwa na hata mtoto mmoja wa Dani. Nilikuwa nangoja siku yangu.

Baada ya Opiyo, jikoni na dirishani pakawa pangu, na sitawadanganya kwamba nilikuwa mpole. Chai yangu ilikuwa na maziwa na tangawizi, na sukari niliitia mwenyewe ndani ya birika, ya kutosha. Kikombe kikirudi na chai ndani, nilisimama katikati ya ofisi nikauliza, "Nani huyu anadharau mkono wangu?" Haukupita mwezi, vikombe vyote vikawa vinarudi vitupu. Nikajisifu hadi kanisani.

Kisha Dani akaanza kuugua. Majani yalilegea, udongo ukawa unanuka uchachu, sisimizi wakapanga foleni ukingoni mwa chungu, na vijidudu vyeusi vikawa vinaruka kila nilipomgusa. Nilimtoa, nikaosha mizizi, nikakata iliyooza, nikampanda upya. Baada ya wiki mbili, yale yale. Nikasema leo nitajua. Saa nne, saa ya chai, nikajibanza nyuma ya kabati la mafaili, nikamwona. Alikuwa Odhiambo, karani wa masijala, mtu mzima wa miwani asiyeongea na mtu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akammwagia Dani kikombe kizima.

Yawa! Sauti niliyotoa ilisikika hadi stendi.

"Wewe Odhiambo! Kumbe ni wewe! Sukari inaleta sisimizi, maziwa yanachacha, mizizi inaoza! Huyu anakunywa maji ya mvua, na tena kidole kwanza, kidole hadi kiungo cha pili, umesikia?"

Watu walitoka vyumbani. Wageni waliacha foleni zao wakaja kutazama. Yeye alisimama na kikombe mkononi, akasema tu, "Pole, Mama." Angenijibu pengine ningepoa. Niliendelea siku hiyo na siku zilizofuata, kila nilipokutana naye: maji, mwanga, udongo, mchanga, chungu. Nilimwita muuaji mbele ya watu. Barua yake ya uhamisho kwenda Kisegi ilipokuja, nilitafuta mtoto dhaifu kuliko wote, mwenye majani matatu, nikampanda kwenye mkebe wenye kutu, nikamwekea mezani bila neno. Desturi ni desturi. Lakini moyoni nilijua hatafika naye hata katikati ya njia.

Mwaka jana zamu yangu ikafika. Nilikwenda likizo ya mwisho, kisha nikarudi kukabidhi funguo na, nisiseme uongo, kupokea mtoto wangu. Nilikuwa nimeshamchagua kwa macho, yule mwenye majani mapana kwenye kamba ya upande wa ziwa. Nikaingia ukumbini nimevaa gauni jipya. Plastiki.

Mnakumbuka nilivyouliza? "Dani yuko wapi?" Mkatazamana. Mkuu mpya, aliyeripoti nikiwa likizoni, akatoka ofisini kwake anatabasamu.

"Mama, zile nyasi tulitoa zote. Zilikuwa zinaleta mbu, na zinafanya ofisi ikae kama kijijini. Tuna wageni wiki ijayo."

Nilikwenda nyuma, penye shimo la takataka. Vyungu vilikuwa vimevunjwa na jivu lilikuwa limeshapoa. Nilipekua kwa mikono, na gauni langu hilo hilo, nikapata mizizi miwili iliyoungua hadi ndani. Nyasi! Mtu hajamaliza hata mwezi, anaita nyasi kitu kilichowaona wakuu wote waliomtangulia wakija na kuondoka! Lakini yeye angalau hakujua. Nyinyi mlijua. Mlijua hadi jina lake. Mlimbeba kwa mikono yenu, mmoja akawasha kiberiti, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuchomoa kitoto kimoja akakificha kwenye droo. Mchana huo mkanipa saa ya ukutani mkapiga makofi, kana kwamba mtu akistaafu ndipo anahitaji kujua ni saa ngapi.

Saa hiyo iko chini ya kitanda. Mimi nilianza kutafuta. Watoto wa Dani nilikuwa nimewatoa mwenyewe, najua kila mmoja alikwenda wapi, na hata mmoja tu akiwa hai, Dani yuko hai na neno nililompa Opiyo halijavunjika. Nilianza na Rangwe, kwa madam mmoja aliyehamishiwa huko. Alicheka. "Mama Beryl, lile ua? Niliweka nje kwa veranda lipate jua. Likapata." Nikarudi Suna, kwetu, kwa dereva mstaafu aliyempenda wake kupita kiasi: alimwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, akaoza. Alinionyesha mkebe. Siku hizi anawekea misumari. Kwa wengine nilipiga simu, na kila simu ilikuwa matanga. Nikabaki na jina moja, ambalo sikutaka hata kulitaja.

Nilifika Kisegi mchana, upepo unaleta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni. Ofisi ya Odhiambo ni chumba kimoja kando ya soko. Kabla sijabisha hodi, niliona dirisha. Mikebe ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye vyuma, safu tatu, na katika kila mkebe majani yale yale, mstari mweupe katikati, ncha safi zisizo na kahawia hata kidogo, kamba zimeshuka hadi karibu na sakafu. Nikaingia bila hodi.

Odhiambo aliinua macho, akasimama ghafla hadi kiti kikaanguka.

"Mama Beryl! Mimi sijamwaga chai. Haki ya Mungu."

"Nani amekufundisha haya?"

"Si wewe? Ulinifokea vizuri sana, Mama. Kila siku. Nilikuwa nikirudi kwa meza naandika: maji ya mvua, kidole hadi kiungo cha pili, mchanga."

Nilikaa bila kukaribishwa. Nikamweleza habari za shimo na jivu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Ndipo nikamuuliza lile lililonikaa rohoni miaka yote.

"Sasa wewe, mtu unayejua kutunza namna hii, ulikuwa unamwagia Dani chai kwa nini?"

Alitazama mlango, kama anapima umbali wake.

"Daktari alinikataza sukari, Mama. Na wewe ulikuwa unaitia ndani ya birika."

"Si ungeniambia?"

"Nani angekuambia? Kikombe kikirudi na chai, ulikuwa unasimama katikati ya ofisi. Niliona heri Dani anywe kuliko niulizwe mbele ya watu." Akainua kiti kilichoanguka, akakaa. "Halafu bado nikaulizwa."

Watu wanasema hasira hasara, na siku zote nilidhani hasara hiyo ni ya anayefokewa. Kumbe ile chai niliimwaga mimi. Odhiambo alishika kikombe tu. Niliona haya, na niliona hasira, na safari hii hasira haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

"Na siku ya kukuaga," akauliza taratibu, "nani alikupa mtoto?"

"Nilipewa saa."

Aliinuka, akaenda kwenye dirisha dogo la nyuma, akarudi na mkebe uliopakwa rangi ya bluu. Aliugeuza kidogo nione tundu la chini. Ndani alikuwa mtoto mwenye afya, ameshika mizizi barabara, na ubavuni mwa mkebe palikuwa pameandikwa kwa kalamu nene: MAMA BERYL.

"Nilisoma kwa grupu kwamba unaenda likizo ya mwisho," akasema. "Nikamlaza kwa udongo siku hiyo hiyo. Nilikuwa natafuta mtu wa kukupelekea. Kuja mwenyewe niliogopa."

"Odhiambo."

"Anayebaki hutoa, Mama. Mimi bado niko kazini."

Alinipa kwa mikono miwili, nikapokea kwa miwili, nikalia kama Opiyo. Nilipomaliza kulia nikamwambia mikebe miwili ya safu ya juu imebana, mizizi inainua udongo, ahamishe. Akachukua kalamu akaandika. Kisha akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Haikuwa na sukari hata chembe. Jamani, ilikuwa mbaya. Nilikunywa yote, nikamrudishia kikombe kitupu.

Sasa mtoto huyo yuko hapa Suna, kwenye dirisha lisilopigwa na jua la alasiri, na wiki hii ametoa kamba yake ya kwanza. Hasira zangu kwenu hazijaisha, msijidanganye. Kila nikifungua simu nikaona ile picha zinaanza upya, na aliyewasha kiberiti nina maneno yake, atayasikia. Najua mlimwogopa Mkuu. Odhiambo naye aliniogopa mimi, na angalieni ilivyomgharimu Dani. Nimesikia pia kwamba mmoja wenu ana barua ya uhamisho mfukoni, na hapo ofisini hamna cha kumpa isipokuwa plastiki. Mleteni. Kamba ikishafika chini nitakuwa na mtoto wake. Mje na mkebe wenye tundu. Chai nitapika mimi, na sukari nitaiweka kando.